Pesa Mkononi Bila Karatasi: Ujira wa Kibarua Katika Dini na Sheria



Ndugu zangu, wengi wetu tunaosoma hapa Kigali tuna kazi pembeni ya masomo. Yuko anayefundisha watoto hesabu na Qur'ani nyumba kwa nyumba Nyamirambo, yuko anayekaa kwenye duka la simu mjini siku za Jumamosi na Jumapili, yuko anayebeba masinia kwenye harusi. Wenyeji huziita kazi hizi ibiraka, na sisi kwa Kiswahili tunaziita vibarua. Karibu zote hulipwa kwa mtindo mmoja: noti zinatoka mfukoni mwa tajiri zinaingia mfukoni mwako, na hakuna aliyeandika kitu.

Baada ya moja ya darasa zetu ndugu mmoja aliuliza: je, kulipwa namna hii ni halali? Alikuwa na maana mbili. Kwanza, halali mbele ya Mwenyezi Mungu. Pili, halali mbele ya sheria ya nchi. Nilimwahidi kuandika, kwa sababu swali hilo nililipata mimi mwenyewe mapema kuliko yeye, na nililipata kwa njia ya aibu. Naanza na kisa changu, kisha tutazame dalili.

Siku nne, watu sita

Nilipokuwa mwaka wa pili nilifanya kazi na mpishi mmoja wa shughuli. Baada ya Idd harusi zilikuwa nyingi, akaniambia nimtafutie vijana watano, nami niwe wa sita na kapita wao. Makubaliano yalikuwa faranga 5,000 kwa kila mtu kwa kila usiku, na shughuli zilikuwa nne ndani ya wiki mbili. Tuliafikiana kwa mdomo, kwenye simu, kwa dakika tatu.

Hesabu ilikuwa rahisi: watu sita mara usiku nne ni 24, mara 5,000 ni 120,000. Siku ya malipo tajiri alinikabidhi 115,000. Nilipouliza akajibu, "Usiku mmoja mlikuwa watano." Hakujua nani alikosekana. Aliniachia mimi nijue, nikagawe.

Nilikaa chumbani nikafikiri. Nilikumbuka kwamba usiku wa pili sikumwona ndugu mmoja ninayekaa naye chumba kimoja. Nikajipa yakini. Wenzangu wanne nikawapa 20,000 kila mmoja, mimi nikachukua 20,000, yeye nikampa 15,000. Akanitazama, akasema, "Kaka, mimi nilikuja siku zote nne." Nikamwambia tajiri kahesabu. Akasema yuko tayari kuapa. Nikamwambia mambo ya kuapa kwa 5,000 hayana maana. Hakuapa, wala hakudai tena. Ila alibadilika. Tulikuwa tukifuturu Jumatatu na Alhamisi kwa sahani moja, akaanza kula peke yake.

Mwezi mmoja baadaye mwenzetu mwingine alikuwa akifuta picha kwenye simu yake ili apate nafasi. Akanionyesha picha ya usiku wa pili: vijana watano wamesimama mbele ya masufuria. Ndugu yangu yumo, ameshika sinia, anacheka. Asiyekuwemo ni mimi. Ndipo nilipokumbuka. Siku ile nilikuwa na mtihani kesho yake. Nilifika mchana, nikaosha masufuria saa mbili, nikaondoka kabla ya Magharibi. Katika hesabu ya kichwa changu nilikuwa nimefanya kazi. Katika hesabu ya tajiri sikuwepo. Zile 5,000 zilikuwa zangu kukosa, nami nilizichukua kutoka kwa mtu aliyeamka kwa ajili yangu kwenye sahari.

Nilimrudishia pesa yake siku ile ile nikamwomba radhi. Alinisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini nilijiuliza: kosa lilikuwa wapi? Sikukusudia kudhulumu. Tajiri hakukusudia. Pesa zenyewe zilikuwa halali. Jibu nililolipata ndilo somo la leo.

Ujira katika fiqhi

Kazi ya malipo katika fiqhi ni ijara, yaani kukodi manufaa ya mtu au kitu kwa malipo. Wanazuoni wameiwekea masharti, na mawili yanatuhusu hapa. Kazi iwe inajulikana, ama kwa muda wake ama kwa kiasi chake. Na ujira uwe unajulikana. Jambo lisilojulikana katika mkataba huleta gharari, na gharari ndiyo mama wa ugomvi. Ikiwa watu wamefanya kazi na ujira haukubainishwa, mafakihi wanasema mfanyakazi hupewa ujira wa mfano wake, yaani kile ambacho mtu kama yeye hulipwa kwa kazi kama ile.

Tazameni mkataba wa Nabii Musa (a.s.) na yule mzee wa Madyan katika Surat al-Qasas, aya ya 27 na 28. Muda ulitajwa: miaka minane, na akitaka kutimiza kumi hiyo ni hiari yake. Musa akaweka wazi kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Watu wawili wema, mmoja wao Mtume, bado walitaja kiasi, wakataja hiari iko wapi, wakaweka shahidi. Mimi na tajiri wangu hatukutaja hata kama nusu siku inahesabiwa.

Iko pia riwaya katika Musnad ya Imam Ahmad inayokataza kumwajiri mtu kabla ya kumbainishia ujira wake. Wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini maana yake inakubaliana na masharti ya ijara tuliyoyataja.

Kuhusu kulipa, mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanajulikana. Katika Sunan Ibn Majah imepokewa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahih al-Bukhari imo hadithi qudsi kuhusu watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Wa tatu wao ni aliyeajiri mtu, akachukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Nilipoisoma hadithi hii zamani nilidhani inawahusu matajiri peke yao. Baada ya kisa changu nilijua kwamba hata kapita mwenye sufuria la kuosha anaweza kuingia humo.

Sasa, je, kuna popote dini inapokataza malipo ya taslimu? Hapana. Katika zama za Mtume (s.a.w.) malipo yalikuwa dirhamu, dinari, tende au nafaka, mkono kwa mkono. Tatizo halimo katika noti. Tutazame aya ya 282 ya Surat al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Kisha inatoa nafasi: biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono, si dhambi isipoandikwa.

Hapa pana faida kubwa kwetu. Ukilipwa usiku ule ule, kabla hujavua aproni, hilo linafanana na jambo la papo kwa papo. Lakini ukifanya kazi leo na malipo yakangoja wiki mbili, basi kuanzia leo ujira wako ni deni juu ya tajiri, na deni ndilo lililoambiwa liandikwe. Wanazuoni wengi wanaona amri hiyo ya kuandika ni ya kupendekezwa, si ya faradhi. Sawa. Lakini jambo likipendekezwa na Mola wetu katika aya ndefu kuliko zote, kijana wa chuo mwenye kalamu tano mfukoni ana udhuru gani?

Yule ndugu yangu alikuwa tayari kuapa, nami nikamdharau. Nilikosea hapo pia. Kanuni ya hukumu katika Uislamu ni kwamba anayedai huleta ushahidi, na anayekana huapa. Mimi ndiye niliyedai kwamba hakuja. Ushahidi ulikuwa juu yangu, na sikuwa nao.

Neno lenyewe linatufundisha

Neno "kibarua" lina historia yenye mafunzo. Ni barua ndogo. Katika karne ya 19 huko Unguja, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi kwa kazi ya siku ile, na alikirudisha alipopokea malipo yake. Kijikaratasi kilikuwa kibarua. Baadaye jina likamhamia mfanyakazi mwenyewe, kisha na kazi yenyewe. Si kwamba zama zile zilikuwa za uadilifu. Wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Lakini angalau karatasi ilikuwepo. Sisi leo tumebaki na jina, karatasi tumeitupa.

Jirani zetu wameandika nini

Katika Afrika Mashariki sheria za kazi hazikuona taslimu kuwa kosa. Zilichofanya ni kuizungushia masharti.

Tanzania Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 27 kinasema mshahara ulipwe saa za kazi, mahali pa kazi, siku iliyokubaliwa. Ulipwe taslimu, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe akikubali hundi au akaunti aliyoitaja kwa maandishi. Na ukilipwa kwa taslimu au hundi, uwe ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na maelezo ya maandishi ya malipo hayo. Angalieni: bahasha ambayo sisi tunaiona ni alama ya kuficha, kule ni sharti la sheria, kwa sababu ndani yake kuna karatasi.

Kenya wana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 17 kinamtaka mwajiri alipe ujira wote kwa fedha za Kenya, moja kwa moja kwa mfanyakazi, ama taslimu, ama kwa akaunti ya benki aliyoichagua, ama kwa hundi na hawala ya posta. Mtu mwingine hupokea tu ikiwa mfanyakazi ameridhia kwa maandishi. Kinakataza pia kulipa ujira mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wanaofanya kazi hapo.

Nyuma ya sheria hizi uko Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu kulinda ujira. Ulitaka mishahara ya fedha ilipwe kwa fedha halali ya nchi, na ukakataza kuponi na hati za ahadi, kwa sababu kulikuwa na waajiri waliowalipa watu kwa tiketi za duka lao wenyewe. Kwa mkataba huo noti mkononi ilikuwa haki ya mfanyakazi, si hila.

Maneno "moja kwa moja kwa mfanyakazi" yalinichoma niliposoma. Tajiri wangu hakuwalipa vijana sita. Alinilipa mimi mmoja, akaniacha na dhima ya watu watano.

Sheria ya Rwanda

Hapa kwetu msingi ni Sheria namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayosimamia kazi, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 2023. Mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Lakini mkataba wa mdomo hauwezi kuvuka siku 90 mfululizo. Ukianza dukani mwezi wa kwanza kwa maneno matupu na mwezi wa tano bado uko pale bila karatasi, hapo pana kasoro, hata kama mshahara unakuja kwa wakati.

Pili, asiye na mkataba wa maandishi si mtu asiye na haki. Sheria hiyo inawagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika mambo kadhaa, miongoni mwake haki ya mshahara, usalama na afya kazini, hifadhi ya jamii na kulindwa dhidi ya ubaguzi. Kwa hiyo tajiri anayekwambia "wewe ni kiraka tu, huna pa kushtaki" anakosea.

Tatu, umri wa kuanza kuajiriwa ni miaka 16. Nalitaja kwa ajili ya wale wanaowachukua wadogo zao wa sekondari kuwasaidia kwenye shughuli za usiku.

Nne, kodi na hifadhi ya jamii haziangalii pesa zimepita njia gani. Mshahara ni mshahara, uwe umepita benki, MoMo au kiganjani. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata kodi na kuipeleka mamlaka ya mapato, RRA, na kupeleka michango RSSB. Sheria ya pensheni inawahusu wafanyakazi wote wanaosimamiwa na sheria ya kazi, bila kujali aina ya mkataba, muda wake wala kiasi cha mshahara.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nalipa taslimu ili tusikatwe", usidhani ametaja aina ya malipo. Ametaja kusudio la kutotangaza, na kosa liko hapo. Mwenye mkataba wa maandishi na adai mshahara wake upite kwenye akaunti, aache alama.

Tufanye hesabu ya 100,000

Wengine huogopa kutangazwa kwa kudhani watamalizwa na makato. Tuhesabu. Kwa viwango vya sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2022 jinsi vinavyotumika sasa, faranga 60,000 za kwanza kwa mwezi hazina kodi. Kutoka 60,001 hadi 100,000 ni asilimia 10. Kutoka hapo hadi 200,000 ni asilimia 20, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kibarua kwa maana ya sheria hiyo, yaani mtu wa kazi isiyohitaji ujuzi maalumu, ambaye hafanyi kwa mwajiri huyo zaidi ya siku 30 katika mwaka wa kodi, hukatwa asilimia 15 ya kile kinachozidi 60,000.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayepata 50,000 kwa mwezi kwa mwajiri wake mmoja hana kodi ya kukimbia. Anakimbia kivuli.

Chukua sasa anayelipwa 100,000 kwa mwezi kama mfanyakazi wa kawaida. Kodi ni asilimia 10 ya 40,000, yaani 4,000. Pensheni, tangu Januari 2025, ni asilimia 12, nusu yako nusu ya mwajiri, yaani 6,000 kila upande. Mfuko wa uzazi ni asilimia 0.3 kila upande, yaani 300. Imebaki 89,700, na katika hiyo nusu ya asilimia moja huenda kwenye mutuelle, kama 450. Unaondoka na takriban 89,250.

Upande wa mwajiri anaongeza 6,000 ya pensheni, 300 ya uzazi, na 2,000 ya ajali na maradhi ya kazini, jumla 8,300. Mfanyakazi wako wa laki moja anakugharimu 108,300. Hii ndiyo sababu ya kweli ya bahasha isiyo na karatasi. Wewe unafurahia 10,750 uliyobaki nayo, tajiri anafurahia 8,300 aliyobaki nayo, na wote wawili mmeacha bima ya ajali kazini. Siku mafuta ya sambusa yakikumwagikia mkononi, hakuna karatasi yoyote inayosema ulikuwa kazini. Nimewahi kusimama mita moja kutoka kwenye karai la mafuta yanayochemka, saa nne usiku, nimechoka, nina mtihani. Sijui ningemwambia nani.

Je, anayelipwa bila kutangazwa anakula haramu? Mimi si mufti, na suala la kodi wanazuoni wamelizungumza kwa mitazamo mbalimbali. Mwenye jambo mahususi amwendee imamu wake au ofisi ya Jumuiya ya Waislamu wa Rwanda. Ninachoweza kusema ni hiki: ujira wa kazi uliyoifanya ni haki yako. Lakini kuandika uongo kwenye fomu, kusaini mshahara wa 60,000 huku unapokea 150,000, au kukana mbele ya mkaguzi kwamba unafanya kazi mahali fulani, huo ni uongo na ushahidi wa uongo, na hukumu yake haihitaji fatwa.

La kufanya

Hizi ni hatua ambazo mimi na wenzangu tunazitumia tangu wakati ule. Hazigharimu kitu.

1. Kabla ya kuanza, taja mambo matano: kazi gani, siku zipi, saa ngapi, kiasi gani, na lini utalipwa. Uliza pia kuhusu nusu siku na nauli ya moto usiku. Baada ya kuongea, mwandikie tajiri ujumbe wa simu: "Kama tulivyokubaliana, Ijumaa na Jumamosi, 5,000 kwa usiku, malipo Jumapili. Tuko pamoja?" Akijibu "sawa", umepata mwandishi na shahidi.

2. Kila mtu ajiandike kila siku: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Daftari la faranga mia chache linatosha. Picha ya pamoja kila usiku inasaidia. Iliniokoa na dhuluma mimi.

3. Omba kila mmoja alipwe mwenyewe. Kwa MoMo ni rahisi, na sababu ya malipo inaweza kuandikwa humo humo. Ikiwa lazima kapita apokee kwa niaba, wenzake wampe idhini ya maandishi, na mgao ufanywe mbele ya wote.

4. Ukilipwa noti, andika karatasi mbili zenye maneno haya: jina, siku zilizofanyiwa kazi, kiasi, kilichokatwa na sababu yake, tarehe, saini mbili. Moja abaki nayo mwajiri, moja chukua. Ukitaka kuiita jina, iite kibarua.

5. Kazi ikikaribia siku 90, omba mkataba wa maandishi na uulize kuhusu RSSB. Uliza kwa adabu, kwa mfano: "Mzee, naomba unisaidie tuandikiane, ili na wewe uwe salama." Wengi hukubali wakiombwa vizuri.

6. Usipotangazwa kwa sasa, usikae bila akiba. Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, uko wazi hata kwa asiye na mwajiri. Unajiunga kwa kupiga *506#.

7. Usipolipwa, anza na mazungumzo, ukiwa na daftari lako na mtu mzima anayeheshimika na pande zote. Ikishindikana, kila wilaya ina mkaguzi wa kazi. Hapa mjini ni Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Yeye hujaribu kuwapatanisha kabla jambo halijafika mahakamani. Nenda na maandishi, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa kama la kadhi: una ushahidi gani?

8. Ndugu zetu mliotoka Kongo, Burundi au kwingineko: kibali cha kuishi kwa ajili ya masomo na ruhusa ya kufanya kazi ni mambo mawili. Ulizeni idara ya uhamiaji kabla ya kuanza kazi, si baada ya kuulizwa nyinyi.

Na sisi tunaoajiri

Namalizia na sisi wenyewe. Jumuiya yetu nayo ni mwajiri. Wakati wa Ramadhani tunawachukua kina mama watupikie futari. Kwenye semina tunamchukua kijana wa kupanga viti na kupiga deki ukumbi. Tunamlipa nani, kiasi gani, lini? Mara ngapi tumemwambia "mama, subiri kidogo, michango haijatimia", naye ameshakwenda nyumbani na jasho limekauka zamani?

Katika kisa cha watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, walichokipokea Bukhari na Muslim, mmoja wao aliomba kwa kutaja amali moja. Alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila kuchukua ujira wake, kipimo cha nafaka tu. Yeye akaupanda, ukazaa, hadi ukawa mifugo, na mwenyewe aliporudi akamkabidhi yote. Tajiri yule alijua ujira ule ni wa nani na ulikuwa kiasi gani, baada ya miaka yote ile. Sisi wiki mbili tu zilitushinda.

Kwa hiyo napendekeza kwa viongozi wetu: kuanzia shughuli ijayo, kila anayetufanyia kazi apewe kibarua chake siku ile ile, na malipo yasiyolipwa papo hapo yaandikwe kwenye daftari la mweka hazina kama deni, kwa jina na tarehe ya kulilipa. Mimi nimejitolea kuziandika hizo karatasi kwa mkono kwa mwaka huu wa masomo. Yule ndugu yangu wa chumba kimoja amesema atakuwa anazihakiki.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atuepushe kula haki za watu kwa kujua na kwa kutojua, na atuwezeshe kuzirudisha tulizozichukua kabla ya siku ambayo malipo hayatakuwa faranga. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.